Matembezi ya jioni kutafuta bundi: nitumie mlio wa kurekodi?

Kurumbiza:
Wadau, nimekubali kuongoza kikundi cha watu wazima na watoto kutafuta bundi msituni jioni. Ndege wa mchana nawafahamu vizuri, ila usiku sijauzoea. Nachohofia ni watoto kutembea gizani halafu warudi bila kuona chochote. Mwenzangu ananishauri nibebe spika, niweke mlio wa bundi ili aje mwenyewe. Nafsi yangu inasita. Ninyi mnafanyaje?

Mzee wa Msitu:
Achana na spika, ndugu yangu. Bundi akisikia ule mlio anajua eneo lake limevamiwa. Anaacha kuwinda, au jike anaacha mayai, akimtafuta adui ambaye hayupo. Msimu wa kutaga ndio mbaya zaidi.

Nenda mchana kabla ya siku yenyewe, ukague chini ya miti mikubwa. Tafuta kinyesi cheupe kilichochuruzika kwenye shina, na vidonge vya manyoya na mifupa. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kile ambacho tumbo halikuweza kusaga. Ukikuta kidonge kibichi, bado kina unyevu, basi yuko jirani.

Tumbusi:
Hivyo vidonge wape watoto wavichambue kwa kijiti, wavae glavu na wanawe mikono baadaye. Mnapata fuvu la panya, taya, meno, vyote vizima. Wangu walisahau hata kuuliza bundi yuko wapi.

Shomoro:
Mimi spika siikatai kabisa. Watafiti huitumia kuhesabu bundi: mlio mfupi, kisha wanatega sikio. Lakini kwa matembezi ya kujifurahisha, tena pale pale kila mara, namuunga mkono Mzee.

Kurumbiza:
Sawa, spika inabaki nyumbani. Na tochi je?

Mzee wa Msitu:
Anzeni jua linapozama ili macho yazoee polepole. Huchukua kama dakika 20 hadi 30, na tochi nyeupe ya mtu mmoja inawaharibia wote. Funika tochi kwa karatasi nyekundu, imulike njia tu, kamwe si uso wa bundi. Ukivuma upepo, ahirisha. Na makoti ya nailoni yanayochakacha yasije.

Kila baada ya mwendo mfupi simameni kimya, watoto wanyooshe kidole upande mlio unakotoka. Waeleze kwamba yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo ana sikio moja juu kuliko jingine, ndiyo maana humkamata panya hata kwenye giza totoro. Waandae pia kwa sauti yake: huyo hupiga ukelele mkali, na asiyejua atashtuka.

Kurumbiza:
Nashukuru sana. Na nikikuta kiota chenye makinda?

Mzee wa Msitu:
Badilisha njia. Bundi wengine humrukia kichwani anayesogelea kiota, na makucha yao yanaweza kutoboa jicho. Kikundi kisipite hapo mpaka makinda yaweze kuruka.