Naomba ushauri: nafasi tupu zinanivurugia kichanganuzi cha mashairi

mjukuu_wa_malenga
Habari zenu wakuu. Ninaingiza kwenye kompyuta mashairi ya marehemu babu yangu, madaftari matatu. Nimejitungia tegi: `<ubeti>`, `<mstari>`, na `<jina>` kwa majina ya watu na mahali. Sarufi naiandika kwa ANTLR 4 (programu inayotengeneza kichanganuzi kutokana na sarufi), natumia Python. Kila mfano niliousoma unaanza na kanuni hii, nami nikaiweka:

`NAFASI : [ \t\r\n]+ -> skip ;`

Sasa mstari huu:

`<mstari>Nilipofika <jina>Pangani</jina>, nikapokewa vizuri</mstari>`

unatoka hivi: `NilipofikaPangani,nikapokewavizuri`. Nikaondoa skip, nikaweka `NAFASI?` kila mahali kwenye sarufi. Ikawa balaa: haisomeki, na nafasi ileile inagombewa na kanuni mbili, moja ikiimaliza kwayo na ya pili ikianza nayo. Nimekwama wiki ya pili sasa. Natanguliza shukrani.

fundi_wa_zamu
Pole mkuu. Ukisema `skip`, leksa (sehemu inayokata maandishi kuwa vipande, yaani tokeni) inaitupa nafasi kabisa. Badilisha iwe `-> channel(HIDDEN)`: sarufi haitaiona, lakini tokeni inabaki kwenye mkondo. Ila usichukue maandishi kwa `ctx.getText()`, maana hiyo inaunganisha tokeni zilizomo kwenye mti wa uchanganuzi tu. Uombe mkondo wenyewe wa tokeni ukupe maandishi ya kuanzia tokeni ya kwanza hadi ya mwisho.

dada_sarufi
Hiyo itamvusha leo, kesho atarudi hapa. Skip inafaa lugha kama Java, ambako nafasi kati ya maneno ni ya kutenganisha tu. Kwenye maandishi yenye tegi mambo ni mawili. Nafasi iliyo kati ya `<` na `>` ni pambo. Iliyo nje ya hapo ni maneno ya babu yako, huna ruhusa ya kuigusa. Kwa hiyo mdogo wangu, leksa iwe na hali mbili:

```
lexer grammar ShairiLexer;
FUNGUA : '<' -> pushMode(NDANI) ;
MAANDISHI : ~[<]+ ;

mode NDANI;
FUNGA : '>' -> popMode ;
MKWAJU : '/' ;
SAWA : '=' ;
THAMANI : '"' ~["]* '"' ;
JINA : [a-z]+ ;
NAFASI : [ \t\r\n]+ -> skip ;
```

Angalia `skip` ilipokaa: ndani ya tegi tu. Hizo `NAFASI?` zote zifute. Kumbuka ANTLR inakubali hali hizi kwenye faili la leksa pekee, kwa hiyo sarufi ya kichanganuzi iwe faili lake, lenye `tokenVocab` ya kuitaja leksa hiyo.

mjukuu_wa_malenga
Dada, asante sana, maneno yametengana! Lakini kati ya `</mstari>` na `<mstari>` unaofuata sasa napata tokeni ya MAANDISHI yenye mstari mpya na nafasi nne, zile nilizoweka ili faili lisomeke. Nizizuie kwenye leksa?

dada_sarufi
Hapana. Leksa haijui imo ndani ya ubeti au ndani ya mstari. Hata XML, ile lugha mashuhuri ya tegi, tangu 1998 inataka kichanganuzi kiipe programu kila herufi isiyo ya tegi, kisha programu ndiyo iamue. Wewe unajua kwamba `<ubeti>` hubeba mistari tu. Basi unapoutembelea mti, ukikuta ndani ya ubeti maandishi yaliyo matupu, yaache. Ndani ya `<mstari>` usiondoe kitu.

fundi_wa_zamu
Nakubali, njia ya dada ni safi zaidi. Niongeze moja: ukinakili kutoka Word huenda ikaja nafasi isiyokatika, U+00A0. XML haiihesabu kuwa nafasi tupu, ila `strip()` ya Python inaifuta. Andika `strip(" \t\r\n")`.

mjukuu_wa_malenga
Kumbe! Na kuna daftari moja ambalo babu hakuweka koma kati ya ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili cha mstari), aliacha pengo pana tu. Nilikuwa nimeligonga kwa nafasi tano.

dada_sarufi
Hilo pengo ndilo mgawanyo wa vipande, usilitegemeze kwenye nafasi. Siku moja mtu atafungua faili kwa programu inayozibana ziwe moja, na mgawanyo umepotea. Lipe tegi yake, `<kipande>`.

mjukuu_wa_malenga
Nimeanza leo asubuhi. Beti kumi na mbili zimeshapita, na mizani nane kwa nane zinahesabika zenyewe. Daftari la pili lina kurasa zilizoloa, hayo maandishi nitayaanzishia uzi mwingine.