Kompyuta ya steshenari: mteja ameondoka, akaunti yake imebaki wazi. Kuki nizifanyeje?

MamaSteshenari_Moro

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari maeneo ya Kihonda, Morogoro, kompyuta tatu na printa. Wateja wangu wengi ni vijana wanaoomba ajira, wanafunzi wa mikopo na vyuo dirisha la maombi likifunguliwa, na watu wa kuprinti viambatisho kutoka kwenye barua pepe zao.

Juzi dada mmoja alikaa kwenye kompyuta ya pili aprinti barua yake, akakuta barua pepe ya kijana mwingine iko wazi. Vyeti, kitambulisho, barua ya kuitwa kwenye usaili, vyote hivyo hapo. Ni muungwana, hakugusa kitu, aliniita. Lakini tangu siku hiyo sina raha. Angekuwa mwingine je?

Halafu kuna matangazo. Mtu akitafuta magodoro asubuhi, mchana kutwa wateja wengine wanaletewa magodoro. Na kile kisanduku cha "Kubali vyote" kinachofunika nusu ya ukurasa, kila mtu anabonyeza ili kiondoke.

Mdogo wangu kaniambia nizime kuki (vidakuzi) zote, vile vipande vidogo vya data ambavyo tovuti inavihifadhi kwenye kivinjari. Nikazima, na tovuti za maombi zikagoma kabisa kuingia, mteja anaweka nywila sahihi anarudishwa palepale. Kwa hiyo nimeziwasha tena. Natumia Chrome, na nimeiweka hivi kwamba asubuhi nikiifungua kurasa za jana zinarudi zenyewe, maana kuna kurasa zangu za kazi sitaki kuzitafuta upya. Naombeni msaada.

Kijana_wa_Tanga

Dada, jioni ukifunga duka bonyeza Ctrl+Shift+Delete, futa kila kitu. Au wateja watumie dirisha fiche (Incognito), mchezo umeisha.

FundiSeva

Dada MamaSteshenari, pole. Mimi natengeneza tovuti, upande wa seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti na kukutumia kurasa zake, kuki nashinda nazo. Niseme wazi: kwenye kompyuta inayokaliwa na watu wengi, kuki ya kuogopa kwanza si ya godoro. Ni ile halali kabisa, ya kuingilia kwenye akaunti.

Seva kwa asili haikumbuki mtu. Kila ukurasa unaoufungua, kwake wewe ni mgeni mpya. Ndiyo sababu Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, alibuni kuki mwaka 1994, wakati wanatafuta namna ya duka la mtandaoni kukumbuka mteja ameweka nini kwenye kapu lake. Ukizizima zote, seva inaipokea nywila, inakubali, halafu ukurasa unaofuata imeshakusahau. Hicho ndicho kilichowarudisha wateja wako palepale.

Sasa yule kijana. Alipoweka nywila, seva ilimjibu ikiambatanisha mstari wa namna hii:

Set-Cookie: sid=8f3ac17e; Max-Age=2592000; Secure; HttpOnly

Kivinjari kinautunza, na kila kinaporudi kwenye tovuti hiyo kinaionyesha seva ile 8f3ac17e. Ni sawa na kibao chenye namba unachopewa ukiacha mkoba mlangoni mwa supamaketi: hakina jina lako, lakini atakayekishika ndiye atakayepewa mkoba. Nywila haimo mle, na yule dada hakuihitaji. Ile 2592000 ni sekunde, yaani siku 30. Secure inazuia kuki isisafirishwe bila https (muunganisho uliosimbwa), HttpOnly inazuia isisomwe na msimbo uliomo ndani ya ukurasa. Kinga nzuri zote mbili, ila hazimzuii mtu aliyekalia kiti kilekile.

Zipo pia kuki zisizopangiwa muda. Hizo kwa kawaida hufa kivinjari kikifungwa, na watengenezaji wengi tunazitegemea kwa ajili ya kompyuta kama zako. Lakini umesema Chrome yako inarudisha kurasa za jana. Dada, tatizo kubwa liko hapo. Ukiiambia Chrome iendelee pale ulipoishia, inarudisha kurasa pamoja na hizo kuki zilizotakiwa kufa usiku. Mteja wa saa 11 jioni bado yumo ndani asubuhi. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kinachotokea unapowasha, chagua kufungua kurasa maalum, kisha orodhesha zile zako za kazi. Utazipata kila asubuhi bila kufufua za wateja.

Kuhusu ushauri wa Kijana wa Tanga: kufuta jioni ni kuzuri, ila kunawaacha wazi wateja wa mchana kutwa. Na dirisha fiche lina tundu watu hawalijui. Madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa pamoja yanatumia kuki zilezile. Mteja wa kwanza akiacha lake limeshushwa chini halionekani, wa pili akafungua jipya na kwenda kwenye huduma ileile, anaingia kwenye akaunti ya mwenzake. Zaidi ya hapo, nywila ulizohifadhi wewe mwenyewe kwenye Chrome zinaweza kujijaza humo.

Kwa wateja tumia wasifu wa Mgeni (Guest). Haugusi nywila zako wala historia yako, na madirisha yake yote yakifungwa kuki zinakwenda nayo. Nakili ikoni ya Chrome hapo kwenye eneokazi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake (Properties), na kwenye njia ya programu (Target), baada ya chrome.exe na alama yake ya kufunga nukuu, acha nafasi uandike --guest. Ipe jina MTEJA. Mteja akiinuka, funga madirisha yote ya Mgeni kabla mwingine hajakaa, kwa sababu nayo yanatumia kuki zilezile yakiwa wazi pamoja.

Mambo mawili bado. Mtu akifunga dirisha tu, seva haina habari. Akibonyeza Toka, kwa kawaida seva inaifuta ile namba kwake, na hata aliyeinakili haimfai tena. Wahimize wabonyeze Toka. Na vyeti walivyopakua havifutwi na Mgeni wala dirisha fiche, vinabaki kwenye folda ya vipakuliwa. Hiyo folda isafishe kwa mkono. Naona watu wanahangaika na kuki huku nakala ya kitambulisho cha mtu imelala pale wiki nzima.

Kama una namba ya yule kijana, mpigie leo. Aingie kwenye mipangilio ya usalama ya barua pepe yake kwa simu, aondoe vifaa vingine vyote vilivyoingia.

Mdau_Hamburg

Kuhusu kisanduku niongezee kidogo, maana huku Ujerumani tunakutana nacho kila ukurasa. Kimetokana na sheria za Umoja wa Ulaya, kisha GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, ilipoanza kutumika Mei 2018 kikazidi. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyotoka hukuhuku, kwamba kisanduku kilichotiwa tiki tayari hakihesabiki kuwa ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulikuwa kubofya mara moja na kukataa kulitaka hatua kadhaa.

Kwa hiyo tafuta kitufe cha kukataa, mara nyingi kipo, kimepakwa rangi hafifu. Ukikataa, zile za lazima za kuingilia zinabaki na tovuti inafanya kazi. Kwenye Mgeni kitakuja upya kila mara, kwa kuwa jibu lako la "nimekataa" nalo linatunzwa kwenye kuki.

Na Tanzania sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Dada, wewe unashika vyeti na vitambulisho vya watu. Isome.

FundiSeva

Ahsante mdau. Nimalizie la magodoro. Ukurasa wa habari unaousoma una tangazo linalotoka kwenye seva ya kampuni nyingine, na kampuni hiyo inaweka kuki yake yenyewe. Ukienda tovuti ya pili yenye tangazo la kampuni ileile, kuki inaonyeshwa tena, wanajua ni kivinjari kilekile. Kwao wateja wako wote ni mtu mmoja anayependa magodoro na kuomba mkopo.

Kivinjari cha Apple, Safari, kinazizuia kuki hizo zote tangu 2020. Firefox tangu 2022 inazifungia kila tovuti na zake, zisionane. Google walitangaza 2020 kwamba Chrome itaziondoa, wakaahirisha wee, na 2024 wakaachana na mpango huo. Kwa hiyo kwenye Chrome uamuzi ni wako: mipangilio, faragha na usalama, vidakuzi vya washirika wengine, zuia. Tovuti moja ikisumbua kwenye malipo, iruhusu hiyo peke yake.

MamaSteshenari_Moro

Mungu awabariki. Kijana nimempata, ameshaondoa vifaa vyote, na folda ya vipakuliwa nimekuta vitu vya kutisha, nimefuta. Swali moja: nikifuta kuki kwenye wasifu wangu wa kazi, nywila nilizohifadhi zinapotea? Kuna za TRA (mamlaka ya mapato) humo sitaki zipotee.

FundiSeva

Hazipotei. Kwenye Ctrl+Shift+Delete nywila zina tiki yake tofauti, usiiguse. Utatolewa nje ya akaunti zako nyingi, ndivyo inavyotakiwa, utaingia upya na nywila zitajijaza. Kabla ya kubonyeza hakikisha muda umechagua wote, maana kwa kawaida inaweza kukuwekea saa moja iliyopita tu.

Za TRA ziandike pia mahali salama nje ya kompyuta hiyo.