Mwendokasi, reli nyepesi au kupanua barabara: kamati yetu ipendekeze kipi?

MkaziWaPembeni
Wakuu, salaam. Kamati yetu ya wakazi imetakiwa kutoa maoni kwa maandishi kabla baraza la jiji halijakaa mwezi ujao. Kwa barabara kuu itokayo pembezoni kwenda katikati ya mji wametaja mambo matatu: mabasi ya mwendokasi yenye njia yake, reli nyepesi (treni ndogo za umeme za mjini), au kuongeza njia mbili za magari. Mimi naegemea reli, haitoi moshi na inadumu. Wenye uzoefu mnashauri nini?

FundiBarabara
Mleta mada, hujatupa cha kupimia. Saa ya asubuhi wanapita abiria wangapi kwa upande mmoja? Barabara ina upana gani? Nani ataendesha, na hasara ikitokea atalipa nani?
Wakati unatafuta majibu, shika hili: njia moja ya magari mchanganyiko mjini hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Njia hiyohiyo ikiachiwa mabasi peke yake, yakifuatana vizuri, inafika 4,000 hadi 8,000. Curitiba, kule Brazil, walianza na njia za mabasi mwaka 1974 kwa sababu treni ya chini ya ardhi ilikuwa ghali mno kwao. Mimi ni mtu wa mwendokasi na sifichi.

TumainiReli
Fundi, umesahau kusema kwamba Bogotá ya Colombia, waliofungua mabasi yao ya mwendokasi mwaka 2000 na kusifiwa dunia nzima, sasa wanajenga metro, yaani treni kubwa za mjini zenye njia yake. Mabasi yao yamejaa mpaka watu wanashindwa kushuka. Jiji linalokua lijenge reli mapema, ardhi ikiwa bado ipo.

FundiBarabara
Addis Ababa walifungua reli nyepesi mwaka 2015. Baadaye treni nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Basi likiharibika unaleta jingine, reli ikikosa vipuri mtaa mzima unabaki kituoni.

GurudumuNne
Mbona hakuna anayetetea barabara? Wenye magari tunalipa kodi kwenye kila lita ya mafuta. Njia mbili za ziada zinapunguza foleni, na moshi wa magari yaliyosimama unapungua.

Mwanahewa
Ingekuwa hivyo, Houston ya Marekani wasingekuwa na foleni. Walipanua barabara yao kuu iitwayo Katy Freeway, kazi ikaisha mwaka 2008, kuna sehemu ina njia zaidi ya 20 ukihesabu za pembeni. Haikuchukua miaka mingi, safari za jioni zikarefuka tena. Ukipanua unawaita waliokuwa hawaendeshi, na nyumba zinajengwa mbali zaidi. London waliamua tofauti mwaka 2003: ukiingia katikati ya mji na gari unalipa, na fedha zinarudi kwenye usafiri wa umma.

MamaPacha
Mnabishana vyombo, naomba mfikirie mtu. Jiji nililokuwa nikiishi lilileta mabasi ya njia maalumu, na siku yalipoanza mabasi madogo yakaondolewa barabarani. Mabasi ya kutuleta kutoka mitaa ya ndani hadi kituo kikuu yaliahidiwa, hayakuja. Mama yangu ana mguu mbovu. Kituo kilikuwa katikati ya barabara na kufika kwake ni kwa daraja la ngazi. Akipanda anashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili na fimbo ameibana kwapani. Akifika juu, malipo ni kwa kadi tu, na mashine ya kuongeza salio imefunikwa mfuko wa plastiki. Basi likija dereva halisogei vya kutosha, kunabaki mwanya kati ya jukwaa na mlango. Siku moja ncha ya fimbo ilizama humo, watu nyuma wakasukuma, akaanguka. Wauza mboga ndio waliteseka zaidi, walikataliwa kupanda na magunia yao. Wengi wakahamia bodaboda, na moshi ule tuliotaka kuupunguza ukarudi kwa mlango mwingine.
Kwenye barua yenu andikeni vivuko vya usawa wa barabara na mabasi ya mitaani kabla hamjaandika aina ya chombo.

DerevaMkongwe
Umenena, mama. Na makondakta je? Kila mpango unahesabu abiria, hauhesabu walioishi kwa usafiri ule. Wapewe ajira au hisa kwenye kampuni mpya kabla magari yao hayajatolewa.

Mwanahewa
Nikiongeza, mabasi yawe ya umeme. Shenzhen, kule China, walimaliza kubadilisha yote mwaka 2017, zaidi ya 16,000.

GurudumuNne
Umeme wa makaa ya mawe ni moshi uliohamishwa tu. Na vumbi la tairi na breki linabaki palepale.

Mwanahewa
Vumbi kweli linabaki. Lakini mtoto aliyesimama kituoni havuti dizeli, na hilo kwangu ni kubwa. Na abiria 60 kwenye basi moja wana tairi chache kuliko wakiwa kwenye magari 40.

TumainiReli
Reli haina tairi kabisa.

MkaziWaPembeni
Nimerudi. Upana ni mita 30. Idadi ya abiria baraza halijatupa. Kuna mjumbe ameongeza wazo la nauli ya bure, mnaonaje?

DerevaMkongwe
Bure ni haki ya maskini. Luxembourg wamefanya nchi nzima tangu 2020.

FundiBarabara
Tallinn, mji mkuu wa Estonia, walianza mwaka 2013 kwa wakazi wao. Wengi walioongezeka walikuwa wanatembea kwa miguu, wenye magari hawakushuka sana. Heri fedha hiyo iongeze mabasi. Mkazi, kwa mita 30 huenda mabasi yakakosa nafasi ya kupitana vituoni, na bila kupitana usitegemee kubeba abiria wengi kama Bogotá. Hizo mita 30 ni pamoja na mitaro na njia za waenda kwa miguu, au ni lami peke yake?

DerevaMkongwe
Fundi, hao waliokuwa wanatembea Tallinn, wazee walikuwa wangapi? Mzee kupanda basi badala ya kutembea kwenye baridi unaiita hasara?