Mpira wa kuingia grini: nijifunze kuupinda pande zote mbili, au nibaki na umbo moja?

Fimbo Saba, Dar es Salaam

Ndugu zangu wachezaji wa gofu, nawasalimu. Ninacheza kwa mkono wa kulia, hendikapu yangu (takriban mikwaju ninayozidisha juu ya kiwango cha uwanja) ni 14, na mpira wangu kwa kawaida huanza kulia kidogo kisha ukapinda kushoto, yaani dro. Kwenye tii, mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza, sina malalamiko, kwa sababu feawei zetu, yaani njia za nyasi kuelekea shimoni, ni pana na mpira wa namna hiyo hukimbia vizuri ukishatua. Taabu yangu huanza ninapobakiwa na yadi 140 au 150 kufika kwenye grini, uwanja mdogo wa nyasi fupi wenye shimo na bendera.

Uwanjani kwetu kuna shimo la mikwaju minne ambalo siku za mashindano bendera yake huchomekwa kulia, hatua tano tu kutoka ukingoni, na upande huohuo pana banka, shimo la mchanga, lenye ukuta unaonifika kifuani. Jumamosi iliyopita nilishika aeni namba 7, fimbo ya chuma, nikaamua kupiga fedi, mpira unaoanza kushoto na kurudi kulia, kwa kuwa nimesikia mara nyingi kwamba bendera ya kulia hufuatwa kwa fedi. Nilisimama nikiwa nimeelekea kushoto, nikakata mpira kama nilivyoona wengine wakifanya, nao ukaenda kushoto moja kwa moja bila kurudi hata kidogo, ukalala kwenye mizizi ya mwembe. Shimo hilo nililimaliza kwa mikwaju 7.

Naomba ushauri wenu. Je, niendelee kujifunza kuupinda mpira pande zote mbili, au nichague umbo moja? Na kama ni moja, bendera ya kulia nitaifikiaje?

Kedi wa Zamani, Nairobi

Ndugu yangu Fimbo Saba, nilibeba mikoba ya wachezaji kwa miaka 11 kabla sijaanza kufundisha, na mkwaju uliousimulia nimeuona mara nyingi mno. Kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea. Mahali mpira unapoanzia huamuliwa kwa sehemu kubwa na uso wa fimbo, yaani ulikoelekea wakati unapougusa mpira. Kupinda kwake hutokana na tofauti iliyopo kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Wewe uliibadilisha njia ukaipeleka kushoto, lakini mikono yako, ambayo kwa miaka yote imezoea kuufunga uso wa fimbo ili upate dro, ikaufunga tena. Uso ukatazama kushoto, njia nayo ikaenda kushoto, na vitu viwili vinavyotazama upande mmoja haviwezi kuupinda mpira. Ndiyo maana ulinyooka hadi kwenye mwembe.

Kuhusu swali lako lenyewe, jibu langu ni kwamba mchezaji wa hendikapu 14 abaki na umbo moja, na akili yote aliyokuwa akiitumia kuchagua umbo aitumie kuchagua mahali pa kuuanzishia mpira. Bobby Locke wa Afrika Kusini aliupinda mpira kutoka kulia kwenda kushoto kwa kila fimbo aliyokuwa nayo, na kwa umbo hilo moja alitwaa ubingwa wa Open ya Uingereza mara 4, mwaka 1949, 1950, 1952 na 1957. Colin Montgomerie wa Uskoti aliishi kwa fedi maisha yake yote ya mchezo. Sidhani kwamba bendera zote walizokutana nazo zilikuwa upande unaowapendeza.

Sasa turudi kwenye shimo lako. Ukitaka dro iishie kwenye bendera iliyo hatua tano tu kutoka ukingo wa kulia, itakulazimu uuanzishe mpira nje ya grini, juu ya banka, ukiomba urudi, na siku usiporudi utazama mchangani. Kanuni ninayowasisitizia wanafunzi wangu ni hii: usiuanzishe mpira mahali ambapo ukinyooka utakuadhibu. Kwa hiyo uanzishe kwenye bendera yenyewe. Ukinyooka, uko karibu na shimo. Ukipinda kama ulivyozoea, utatua katikati ya grini, hatua saba au nane kushoto, na mikwaju miwili ya kusukuma itakutosha. Bendera ikihamia kushoto, anzia katikati ya grini uuache mpira uijongee bendera taratibu. Hiyo ndiyo siku yako ya kushambulia, ile ya kulia ni siku ya kuvumilia.

Jambo moja zaidi kabla sijasahau. Jinsi fimbo inavyokuwa na uso uliolala zaidi, ndivyo mpira unavyopinda kidogo, kwa hiyo usitegemee aeni namba 9 ipinde kama namba 5. Huku kwetu Nairobi, kwenye kimo cha takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali zaidi, na kupinda nako hupungua. Ukija kucheza huku, usishangae kuona dro yako imenyooka.

Upepo wa Kusi, Kilifi

Mwalimu, nakuheshimu, na maelezo yako kuhusu uso wa fimbo nayakubali yote. Hata hivyo, kwetu sisi tunaocheza pwani, umbo moja halitoshi. Kusi ikivuma kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, kuna mashimo ambayo upepo hutoka kulia kwenda kushoto mchana kutwa. Mtu wa dro akipiga mpira wake wa kawaida, upepo huuchukua, huuongezea masafa na kuupitisha nyuma ya grini. Anayeweza kupiga fedi inayoegemea upepo huo anapata mpira unaokaribia kunyooka, unaoshuka wima na kusimama palepale. Mimi nilichukua miezi minane kuijua fedi ya aeni namba 6, na tangu hapo mashimo hayo nayacheza kwa amani. Kwa hiyo nisingemkataza ndugu yetu kujifunza. Ningemwomba tu ajifunzie uwanja wa mazoezi na asiijaribu siku ya mashindano.

Mashoto, Arusha

Ningependa kuongeza jambo ambalo sisi tunaotumia mkono wa kushoto tunalijua vizuri. Shimo la 12 la Augusta National, uwanja wa mashindano ya Masters kule Marekani, lina yadi 155 tu, lakini grini yake imekaa kimshazari, upande wa kulia ukiwa mbali zaidi kuliko wa kushoto, na mbele yake unapita mto wa Rae's Creek. Mchezaji wa mkono wa kulia anapokosea, mpira unaokwenda kulia huwa mfupi na unaokwenda kushoto huwa mrefu. Kwa hiyo kosa lake la kulia humtumbukiza majini na la kushoto humpitisha nyuma ya grini. Kwa mkono wa kushoto makosa hayo hugeuka, yakafuata mshazari wa grini. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2014, wachezaji wa mkono wa kushoto walishinda mashindano ya Masters mara 6 kati ya 12, nami siamini kuwa shimo hilo halikuwasaidia.

Siku ya mwisho ya Masters ya mwaka 2019, bendera ikiwa kulia, Francesco Molinari aliyekuwa akiongoza aliuangusha mpira wake mtoni. Tiger Woods, ambaye amemiliki kila umbo la mpira, aliupeleka wake upande wa kushoto wa grini, mbali na bendera, akatoka na mikwaju 3, na jioni ile akatwaa ubingwa. Ndugu Fimbo Saba, itazame grini yako imekaaje, ujiulize kosa lako linaangukia wapi, kabla hujauliza umbo gani linaifaa bendera.

Fimbo Saba, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Leo alfajiri nilikwenda uwanja wa mazoezi na mipira 20. Nilichomeka kijiti hatua tatu mbele yangu kwenye mstari wa shabaha, nikamwomba kedi wangu asimame nyuma na kuandika kila mpira ulipita upande gani wa kijiti. Mipira 13 ilianza kulia ikarudi kushoto kama ninavyotaka. Minne ilinyooka kulia bila kurudi. Mitatu ilianza kwenye kijiti chenyewe ikakimbilia kushoto sana. Nikajaribu fedi 10, na ni 2 tu zilizorudi kulia. Hivyo jibu la umbo nimelipata. Ninachouliza sasa ni hii mitatu ya kushoto, kwa sababu kushoto kwa grini ile ndiko kwenye mwembe.

Kedi wa Zamani, Nairobi

Hesabu nzuri sana, na kedi wako apewe chai. Ndugu wa Kilifi, sikupingi. Mtu mwenye miezi minane ya kuwekeza aijifunze fedi hiyo, ila kwa sasa huyu mwenzetu ana fedi 2 kati ya 10, na mbele ya upepo unaovuma kwenda kushoto anaweza kuchukua fimbo iliyo fupi kwa namba moja na kuuanzisha mpira kulia zaidi, mradi banka lisiwe kwenye mstari huo.

Fimbo Saba, mipira mitatu iliyoanza kwenye kijiti ilitokana na uso wa fimbo uliofunga mapema. Kagua mshiko wa mkono wa kushoto: ukitazama chini na kuona vifundo vitatu au vinne vya vidole, uzungushe mkono kidogo hadi uone viwili na nusu. Kisha tazama mpira umelala wapi kuhusiana na miguu yako, kwa maana ukiwa juu kuliko nyayo utakwenda kushoto zaidi hata kama hujakosea. Pale unapopigia kwenye shimo hilo, ardhi imeinamia upande gani?

Fimbo Saba, Dar es Salaam

Mwalimu, upande wa kulia wa feawei mpira hukaa juu ya nyayo zangu, karibu nusu shibiri. Nilikuwa nimesimama hapohapo siku ya Jumamosi. Kumbe hata kwenye tii inanipasa nilenge kushoto mwa feawei, kwenye tambarare.