Nipeni vioja vya mtandaoni vya kusoma
Swali: Wakuu, jana nimeshikwa hadi saa nane usiku na habari ya birika la kahawa la Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti walichoka kutembea halafu wanakuta birika tupu, basi mwaka 1991 wakalielekezea kamera. 1993 picha yake, kadogo, haina hata rangi, ikaingia kwenye wavuti. Dunia nzima ikachungulia kahawa ya watu! Nani ana nyingine?

Jibu: Kamera ilizimwa 2001, birika likapigwa mnada. Chakavu vile vile.

Jibu: Soma asili ya :-) mkuu, ile alama ya uso unaotabasamu. Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliipendekeza 1982 ili utani usichukuliwe kweli. Mimi ningeshagombana na shemeji zamani.

Muulizaji: Chakavu na likapata mnunuzi? Leo tena silali.