Mrejesho: barua ya Shackleton kwa Scott ni nakala

Wakuu, niliuliza kama barua ya Mei 1907, ile mpelelezi Shackleton anamwahidi mpelelezi mwenzake Scott kwamba hataweka kambi McMurdo Sound, huko Antaktika, ni halisi. Ni nakala ya mashine. Asanteni sana mlioshauri lenzi ya 10x (inayokuza mara kumi): "wino" ni vitone vidogo, na mistari inapokatana weusi hauongezeki. Mwanga wa pembeni hauonyeshi mikwaruzo ya nibu (ncha ya kalamu ya wino). Chini ya taa ya UV karatasi inang'aa buluu. Mng'ao huo hutokana na ving'arishi, kemikali za kuifanya karatasi ionekane nyeupe zaidi, na havikuwepo enzi zile. Kulinganisha mwandiko tu kungetupoteza, maana nakala hubeba mwandiko wenyewe! Mwenye barua halisi asiilaminishe kamwe. Aiweke kwenye mfuko wa poliesta. Asitumie mfuko wa plastiki ya PVC, maana hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino.