Jina la Stanley lina maana gani, na je, ni la Bula Matari peke yake?

Mjomba wa Birere (Goma)
Habari zenu, wazee na ndugu. Dada yangu amejifungua mtoto wa kiume na mume wake anataka kumwita Stanley, lakini babu yetu amekataa kabisa, akisema kwamba jina la Bula Matari, yaani yule msafiri Mzungu Henry Morton Stanley, halitaingia nyumbani mwake. Kabla sijarudi kwa babu, ningependa kujua jina hilo lina maana gani kwa Waingereza wenyewe.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Hongereni kwa mtoto. Stanley lilikuwa kwanza jina la mahali, kisha likawa la ukoo wa watu waliotoka hapo. Katika Kiingereza cha kale stān ni jiwe, na lēah ni mahali palipofyekwa msituni; kwa hiyo ni kama kusema shamba la mawe. Siku hizi jiwe huitwa stone, kwa kuwa ile a ndefu iligeuka kuwa o, lakini ndani ya jina ilikuwa imekwisha kufupishwa, ikabaki a. Mahali penye jina hilo papo Derbyshire, Staffordshire na kwingineko, hivyo si kila Stanley ni ndugu wa mwenzake. Hata Bula Matari hakuzaliwa nalo: alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands, na jina la Stanley alilichukua akiwa Marekani.

Mama wa Himbi (Goma)
Basi Bula Matari, yaani mvunja mawe, ni tafsiri ya Stanley?

Mwalimu wa Kadutu
Hapana, mama, ni sadfa tu, ingawa ni sadfa tamu. Bula Matari ni Kikongo, na alipewa jina hilo kwa sababu ya kupasua miamba alipokuwa akijenga barabara kutoka Vivi, katika Kongo ya Chini. Baadaye watu waliita hivyo serikali yenyewe ya wakoloni, na nadhani hilo ndilo linalomuuma babu.

Mjomba wa Birere
Nashukuru sana, Mwalimu. Kiwanja chetu kilifunikwa na lava mwaka 2002, na hata leo huchimbi shimo la nguzo bila mtaimbo. Babu alisikiliza yote, akautazama ukuta wetu wa mawe meusi, kisha akasema kwamba kama maana ni hiyo, mtoto aitwe Mawe.